Nukta ya Tatu

Mwalimu haanzi kwa kuchora, anaanza kwa kufuta. Anapitisha dasta kutoka juu kwenda chini, kipande kwa kipande, kisha anachovya kitambaa kwenye ndoo, anakikamua mpaka kisidondoshe hata tone, na kuupangusa ubao wote kwa mara ya pili. Halafu anasubiri ukauke. Chaki haishiki kwenye ubao wenye unyevu, na vumbi la somo lililopita likibaki, alama ya jana huweza kusomwa kuwa nukta ya leo. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wanasubiri pamoja naye, kimya.

Nimekaa dawati la nyuma, katika shule moja ya sekondari ya kata ya Kasoli, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu. Leo vipindi vya hisabati ni viwili mfululizo, dakika 80. Kazi iliyo mbele ni kuchora grafu ya mlinganyo wa mstari mnyoofu. Kila aliyepita sekondari nchini aliwahi kuifanya kazi hiyo, na wengi wetu tuliifanya mbiombio ili tupate jibu na kufunga daftari. Mwalimu huyu haifanyi hivyo. Mwanafunzi wake wa zamani aliniambia kwamba kumtazama akichora mstari ni kama kumtazama seremala akipiga randa. Nikaja kuona.

Juu ya meza amepanga vifaa vyake: rula ya mbao ya mita 1 yenye mpini katikati, pembemraba ya mbao, uzi wa katani uliofungwa nati ya baiskeli kwenye ncha moja, boksi la chaki nyeupe na vipande viwili vya chaki nyekundu. Kwa chaki, mkoa huu una habari yake: wilayani Maswa, jirani kabisa na Bariadi, vijana walianzisha kiwanda cha chaki katika miaka ya 2010, wakikoroga jasi kwa maji, kuimimina kwenye kalibu na kuianika. Mwalimu anachagua chaki moja, anaivunja katikati na kuisugua ncha yake kwenye sakafu ya saruji mpaka ipate ukingo mwembamba. Nilipomuuliza baadaye sababu, alinijibu kwa sentensi moja: "Mstari mnene una nukta nyingi zisizo zake."

Upande wa kushoto wa ubao anaandika: 2x + 3y = 12.

Anausoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani, na mara ya pili kwa Kiswahili, kwa kuwa watoto hawa wametoka shule ya msingi walikosoma hisabati yote kwa Kiswahili. Mbili x na tatu y, zikijumlishwa, zilingane na kumi na mbili. Neno mlinganyo linajieleza lenyewe: pande mbili zimelingana, mizani imetulia. Anauliza ni namba gani mbili zinazoweza kukaa mahali pa x na y bila mizani kuinama. Binti mmoja anasema sifuri na nne. Mwingine anasema sita na sifuri. Mikono inazidi kuinuka, na mwalimu anaiacha iinuke mpaka darasa lenyewe ligundue kwamba majozi hayo hayaishi. Hakuna daftari litakaloyatosha yote. Grafu itayaonyesha yote kwa mstari mmoja.

Hapo wengi wetu tungekimbilia kuchora mihimili. Yeye anaanza na jedwali. Anapiga mistari miwili milalo na kuigawa safu tatu. Safu ya kwanza, x ni 0: mbili mara sifuri inatoweka, inabaki tatu y sawa na kumi na mbili, hivyo y ni 4. Safu ya pili, y ni 0: inabaki mbili x sawa na kumi na mbili, hivyo x ni 6. Kanuni inasema nukta mbili zinatosha kupata mstari mnyoofu, na hizi mbili ndizo rahisi kuliko zote, kwa sababu ndipo mstari unapokata mihimili. Lakini ameacha safu ya tatu wazi. Anaandika juu yake x ni −3, kisha anamwita mvulana wa dawati la pili.

"Njoo, baba, utupatie y."

Mvulana anafanya hesabu pembeni. Mbili mara tatu ni 6. Kumi na mbili kutoa 6 ni 6. Gawanya kwa 3, anapata 2. Anaiandika kwenye jedwali. Mwalimu anaitazama ile 2 kwa muda, anasema, "Asante, kakae," na kuiacha palepale.

Sasa anapima. Ukubwa wa picha lazima ujulikane kabla ya picha yenyewe, na jedwali ndilo linaloutoa. Thamani kubwa ya x ni 6, ndogo ni −3, kwa hiyo mhimili mlalo utatoka −4 hadi 8. Mhimili wima anaamua utoke −4 hadi 7. Hilo la mwisho lilinishangaza, maana kwenye jedwali hapakuwa na y iliyozidi 4. Kizio kimoja kitakuwa sentimita 10, na anaiandika skeli hiyo pembeni ili kila mtu aione. Mlalo utahitaji sentimita 120. Wima utahitaji 110, na ubao una kimo cha futi 4, yaani kama sentimita 122. Zitabaki sentimita 6 juu na 6 chini. Anaposema hivyo anaweka viganja vyake viwili kwenye kingo za ubao, kama mtu anayepima nguo kabla ya kuikata.

Mhimili wima anauchora kwa uzi. Anaushika uzi kwenye ukingo wa juu, anaiacha nati ining'inie, inayumba, inapunguza mwendo, inatulia. Waashi huita kifaa hiki timazi, na hakuna rula inayokishinda kwa kuonyesha wima wa kweli, kwa sababu kinavutwa na dunia yenyewe. Nati ikishatulia anaweka alama mbili, moja juu na moja chini. Kisha anausugua uzi kwa chaki tangu mwanzo hadi mwisho, anamwomba mwanafunzi mrefu aushike juu, yeye anaukaza chini, anauvuta kidogo kwa vidole viwili na kuuachia. Pa! Ubaoni umebaki mstari mweupe, mwembamba kama unywele. Anaupitia kwa chaki ili uonekane mpaka nyuma.

Kwa mhimili mlalo anaweka pembemraba kwenye mstari huo, sentimita 40 juu ya mwisho wake wa chini, anapata mwelekeo, kisha uzi tena. Pa! Mihimili imekutana. Katika nyumba, mhimili ni nguzo inayobeba uzito wa paa. Hapa mihimili miwili imebeba ubao mzima, na mahali ilipokutana pana namba moja tu, sifuri, anayoiita kitovu. Toka hapo anahesabu kwa rula: 10, 20, 30. Kila alama ni kistari kifupi kinachokata mhimili, na vistari vyote ni vya urefu mmoja. Namba za x zinakaa chini ya mhimili wake, za y kushoto mwa wake, hakuna hata moja inayoguswa na mstari. Alama za hasi anaziandika ndefu kidogo. Ubao sasa una vyumba vinne, na bado hakuna kitu ndani yake.

"Kwanza unatembea, ndipo unapanda," anawaambia. Jozi ya namba ina utaratibu wake: x hutangulia, y hufuata. Kwa nukta ya (0, 4) hatembei kabisa, anapanda vizio vinne juu ya mhimili wima. Kwa (6, 0) anatembea sita kulia na hapandi. Kila nukta anaiwekea alama ya msalaba mdogo, vistari viwili vyembamba vinavyokatana, maana doa la chaki lina upana na msalaba una kitovu.

Jozi kama hiyo vitabu vya shule ya msingi huiita majira ya nukta, na neno hilo lina safari ndefu. Kwa mkulima wa Kasoli, majira ni wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Kwa manahodha wa pwani, majira ilikuwa njia ya chombo baharini, uelekeo ambao mshika usukani hakutakiwa kuuacha. Maana zote mbili zinamwambia mtu wapi alipo. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha huko Leiden, Uholanzi, kitabu chenye sehemu ya jometri iliyofungamanisha milinganyo na michoro, na katika miaka hiyohiyo Pierre de Fermat alikuwa amefikia wazo hilo kwa njia yake. Mihimili miwili yenye namba hasi kama hii ya ubaoni ilikamilishwa na waliowafuata. Ramani nazo hufanya kazi kwa jozi ileile. Chukua Ikweta kuwa mhimili mlalo na mstari wa Greenwich kuwa mhimili wima, mji wa Bariadi utaukuta ukitembea nyuzi 34 mashariki na kushuka karibu nyuzi 2.8 kusini: 34, −2.8. Mwalimu aliwaonyesha kwa kidole chumba cha chini kulia. "Sisi tunakaa humu," alisema, na vichwa vyote vikageukia pembe ile ya ubao.

Ikafika zamu ya nukta ya tatu. Alitembea vizio vitatu kushoto, akapanda viwili kama jedwali lilivyosema, akaweka msalaba. Kisha, bila kusema neno, akashika mpini wa rula na kuilaza kwenye nukta mbili za kwanza.

Msalaba wa tatu ulibaki chini kabisa ya rula, peke yake.

Hapakuwa na aliyesema "umekosea." Rula ilikuwa imeshasema, na mwalimu aliishikilia palepale, mkono haujatikisika, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Mvulana alikuwa akiutazama ubao huku midomo ikicheza. Akasimama. "Madamu, ile tatu ilikuwa hasi." Akarudi mbele, akafuta hesabu yake kwa kiganja na kuanza upya: mbili mara hasi tatu ni hasi sita, ikivuka upande wa pili inakuwa kuongeza, kumi na mbili na sita ni 18, gawanya kwa 3, ni 6. Akatembea vitatu kushoto, akapanda sita, akaweka msalaba mpya. Rula ilikuwa bado inamngoja, na msalaba ukaangukia barabara kwenye mwelekeo wa ukingo wake. Hapo nikaelewa kwa nini mhimili wima uliandikwa hadi 7. Tangu alipoiona ile 2, mwalimu alijua ukweli ungehitaji nafasi, akauandalia.

"Nukta mbili daima zinapatana," aliwaambia. "Hata zikiwa za uongo, utapata mstari unaopita kwenye zote mbili. Ya tatu ndiyo shahidi."

Ndipo akachora. Mstari huu ulitakiwa kutoka ukingo hadi ukingo wa grafu, karibu mita moja na nusu, na rula ni ya mita 1. Asiye na uzoefu angechora vipande viwili vyenye goti katikati. Yeye alianza juu kushoto, vidole vyote nyuma ya ukingo wa rula ili chaki isipande juu yake. Mkono wa chaki haukukunjika kwenye kifundo: alitembea nao, mwili mzima ukienda pamoja, na kila baada ya kitambo aliizungusha chaki kidogo kati ya vidole ili ukingo uliolika umpishe ulio mkali. Kabla rula haijaisha aliinua chaki, akaisogeza rula mbele, lakini nusu yake akailaza juu ya mstari uliokwisha kuchorwa. Sehemu iliyokamilika ndiyo inayoiongoza ile inayofuata. Nilitafuta mahali pa kiungo kwa macho na sikupaona. Mwisho aliweka mishale kwenye ncha zote mbili, kuonyesha kwamba ubao umeisha na mstari unaendelea, kisha akaandika mlinganyo pembeni yake.

Mstari ulipotulia, aliuliza unaposhuka unashuka kwa kiasi gani. Kutoka (−3, 6) hadi (0, 4): hatua tatu kulia, mbili chini. Kutoka (0, 4) hadi (6, 0): hatua sita kulia, nne chini. Uwiano ni uleule, hasi mbili kwa tatu. Huo ndio mwinamo, na kwa kuwa haubadiliki popote, mstari haupindi popote.

Binti aliyekaa dirishani alinyoosha mkono. "Madamu, ni kama kamba ya pamba?"

Mwalimu aliweka chaki chini. Simiyu ni nchi ya pamba, na watoto hawa wamekua wakipanda kwa kamba. Bodi ya Pamba imekuwa ikihimiza nafasi ya sentimita 60 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya shimo na shimo. Kamba hufungwa mafundo au vitambaa kwa kipimo hicho, watu wawili huikaza ncha hii na ile, na wa tatu hupita akichimba kila penye alama. "Tueleze," mwalimu alisema, na binti akaeleza kwa mikono. Shimo la kwanza wanaliweka sentimita 15 kutoka mpakani. Baada ya hapo, kila shimo linaongeza 30. Mwalimu aliandika maneno hayo jinsi yalivyotoka: y = 30x + 15. Ile 15 ni mahali pa kuanzia, ndipo mstari unapokata mhimili wima. Ile 30 ni nafasi ya shimo hadi shimo, ndiyo mwinamo. Shimo la kumi baada ya lile la kwanza liko wapi? Darasa likapiga hesabu: sentimita 315. Binti alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeulizwa habari za shamba la kwao.

Kisha chaki nyekundu, na mlinganyo wa pili kwenye mihimili ileile: y = x − 1. Jedwali kwanza, safu tatu. Sifuri inatoa −1. Nne inatoa 3. Hasi mbili inatoa −3. Misalaba mitatu, rula, shahidi amekubali, mstari mwekundu ukapanda kutoka chini kushoto. Ulipoukata ule mweupe, mwalimu alisimamisha chaki kwa pumzi moja, halafu akaendelea mpaka mwisho.

Alishuka kutoka kwenye makutano hayo kwa vistari vya kukatakata hadi mhimili wa x, akafika 3. Akaenda kushoto hadi mhimili wa y, akafika 2. Jozi ya (3, 2) haikuwa kwenye jedwali la kwanza wala la pili. Hakuna aliyeikokotoa. Ilipatikana kwa sababu mistari yote miwili ilikuwa minyoofu na vizio vyote vilikuwa sawa. Darasa likaihakiki kwa sauti: mbili mara tatu ni sita, tatu mara mbili ni sita, jumla kumi na mbili, na tatu kutoa moja ni mbili. Mihimili ingepinda kidogo, au skeli ingeteleza kwenye kizio kimoja tu, makutano yangesomeka tatu na ushei, na hakuna hesabu ambayo ingelingana.

Muda uliobaki ni wa wanafunzi. Kila mmoja ana karatasi ya grafu yenye miraba midogo ya milimita 2, na skeli sasa ni sentimita 1 kwa kizio. Penseli zinachongwa kwa wembe, ncha zinasuguliwa kwenye kipande cha karatasi. Mwalimu anapita kati ya madawati, mikono nyuma. Hapa anasogeza rula ya mtoto kwa unene wa kucha, pale anaonyesha msalaba ulionenepa. Kwa binti aliyeanza na mihimili kabla ya jedwali na mstari wake ukaishia nje ya karatasi, anachuchumaa, anageuza karatasi upande wa pili, na kuanza naye tangu safu ya kwanza.

Anafika dawati la pili. Nami nilikuwa nimesogea, nikaliona daftari la yule mvulana. Jedwali lake lilikuwa na safu nne. Ya nne hakuagizwa: x ni 1.5, y ni 3. Msalaba wake ulikuwa mdogo kuliko mingine yote, na mstari ulipita katikati yake. Mwalimu aliutazama, akagonga dawati mara moja kwa kidole, akaendelea na safari yake.

Kengele ilipolia alichukua dasta. Alifuta mstari mweupe, akafuta mwekundu, akafuta jedwali na misalaba, akifuata kila kimoja kwa uangalifu ili asiguse kilicho jirani. Mihimili aliiacha, na namba zake zote. Mkondo B walikuwa wanakuja. Akaukunja uzi kuizunguka nati, akautundika kwenye msumari pembeni ya ubao, na kulowesha kitambaa.